Kache Isiyobadilisha Matokeo: Nasaha kwa Wanaopima Programu Ndani ya Kiigaji cha Kichakataji

Miongoni mwa maswali yanayotufikia kutoka kwa wanafunzi wa uhandisi wa kompyuta, na mara nyingine kutoka kwa walimu wao, liko moja ambalo halikosi kurudi kila muhula, nalo ni hili: "Nimeendesha programu ya kipimo ndani ya kiigaji cha kichakataji, nikapanua kache kutoka kilobaiti 256 hadi megabaiti 2, nikangoja usiku kucha, na asubuhi matokeo ni yale yale, je, kiigaji kina kasoro, au kache haina faida?" Mwingine huuliza kinyume chake, kwamba kiwango cha kukosa kimefika asilimia 60 naye hajui kama ni habari njema au mbaya, na wa tatu hulalamika kwamba faili la takwimu halitaji kache hata mara moja. Kwa kuwa majibu ya watu hawa watatu yanakaa mahali pamoja, tumeona ni afadhali kuyaandika kwa wasaa, hatua kwa hatua, ili mwenye haja ayafuate akiwa mbele ya kompyuta yake.

Rai yetu ni kwamba namba yoyote ya kache haina maana mpaka uwe umejua mambo matatu: kache ilianza ikiwa katika hali gani, programu inagusa data kiasi gani, na ni sehemu gani ya mwendo wa programu iliyohesabiwa. Asiyeyajua haya atapata namba, tena zenye tarakimu sita baada ya nukta, lakini hatakuwa amepima kitu.

Mifano yetu mingi itatoka katika gem5, kiigaji kilichozaliwa kwa kuunganishwa kwa M5 ya Chuo Kikuu cha Michigan na GEMS ya Chuo Kikuu cha Wisconsin, kikaelezwa kwa ulimwengu wa wataalamu mwaka 2011, na ambacho leo ndicho kinachotumiwa zaidi vyuoni. Mwenye kutumia SimpleScalar au ChampSim atayakuta mambo haya haya kwa majina mengine.

Hakikisha kwanza kwamba kache ipo

Watu wengi hudhani kwamba kiigaji hakiwezi kukosa kache, kwa kuwa vichakataji vya kweli wanavyovijua havikosi. Walakini kiigaji hujenga kile tu ulichokiamuru, na kisichotajwa hakijengwi. Katika hati ya se.py, ambayo wanafunzi wengi bado huanza nayo, ukiacha kuandika --caches basi kichakataji huunganishwa moja kwa moja na kumbukumbu kuu, na programu huendeshwa mpaka mwisho bila lalamiko lolote. Vivyo hivyo, ukiandika --l2_size=2MB bila kuandika --l2cache, ukubwa huo hupokelewa kimya na kache ya daraja la pili haijengwi; ukija kuubadilisha mara tano utapata matokeo matano yanayofanana hata tarakimu ya mwisho, na kufanana huko ndiko dalili kubwa ya kosa hili, kwani kache iliyopo kweli ikibadilishwa ukubwa, hata kama faida ni ndogo, aghalabu huacha alama mahali fulani katika hesabu.

Basi kabla ya kusoma takwimu yoyote:

- Fungua faili la config.ini ndani ya folda ya matokeo, utafute kila kache kwa jina lake. Isipokuwemo humo, haikujengwa, hata kama uliiandika katika amri.
- Soma ukubwa wake, ambao umeandikwa kwa baiti: kilobaiti 32 huonekana kama 32768. Soma na idadi ya njia, kwa sababu ile uliyopewa bila kuomba yaweza kuwa siyo uliyoikusudia.
- Ipe kila safari folda yake. gem5 huandika juu ya folda ya m5out kila inapoanza, na watu wamewahi kulinganisha matokeo ya jana na ya leo kumbe ni faili moja.

Liko jambo la nne, nalo tunalitenga kwa sababu ndilo linalojibu swali la mwanzo mara nyingi kuliko yote. gem5 ina namna kadhaa za kuiga kichakataji, na ile iliyo nyepesi kuliko zote, AtomicSimpleCPU, ambayo katika hati ile ya se.py ndiyo hutumika usipochagua nyingine, huhesabu vema kupata na kukosa, lakini katika hali yake ya kawaida haikichelewishi kichakataji kwa sababu ya kukosa. Kwa hiyo ukiitumia kisha ukatazama muda wa programu, utaona kache ya kilobaiti 4 na ya megabaiti 4 zikifika mwisho sawasawa. Ukitaka kujua muda, chagua TimingSimpleCPU, au MinorCPU, au O3CPU inayotekeleza amri bila kufuata mpangilio wake; Atomic iache kwa kazi yake, ambayo tutaieleza mbele.

Kiulize kiigaji swali ambalo jibu lake unalijua

Hatua hii ndiyo inayorukwa na watu karibu wote, na laiti tungeweza kulazimisha moja tu katika makala haya tungelazimisha hii. Kabla ya kuleta programu kubwa ambayo hakuna ajuaye inakosa mara ngapi, andika programu ya mistari ishirini ambayo idadi yake ya kukosa waweza kuipiga kwa kalamu na karatasi, uiendeshe, uone kama kiigaji kinakubaliana nawe.

Chukua kache ya data ya daraja la kwanza yenye kilobaiti 32, njia 8, mstari wa baiti 64, kanuni ya kuutoa mstari uliokaa muda mrefu bila kuguswa, na isiyo na prifecha ya kuleta data kabla haijaombwa. Baiti 32,768 ukizigawa kwa 64 unapata mistari 512. Mistari hiyo ukiigawa kwa njia 8 unapata seti 64. Tengeneza jedwali la namba lenye safu mlalo 512 na safu wima 512, kila namba ikichukua baiti 8, lianzie kwenye anwani inayogawanyika kwa 64, kisha zijumlishe namba zote, mara ya kwanza ukifuata safu mlalo na mara ya pili ukifuata safu wima. Jedwali zima ni megabaiti 2, kwa hiyo haliwezi kuenea katika kache hii.

Ukifuata safu mlalo, kila mstari wa kache huleta namba 8, ya kwanza ikakosekana na saba zilizobaki zikapatikana. Masomo ni 262,144. Kukosa ni 32,768. Kiwango ni asilimia 12.5.

Ukifuata safu wima, mambo hugeuka kwa namna ambayo inastahili kutazamwa kwa karibu. Kutoka namba moja hadi iliyo chini yake ni mruko wa baiti 4,096, yaani mistari 64 kamili, na kwa kuwa seti nazo ni 64, kila namba ya safu wima ile huangukia seti ile ile moja. Mistari 512 inagombea nafasi 8, ilhali seti 63 hazina kazi. Na utakaporudi juu kuanza safu wima ya pili, mstari uliokuwa na namba unayoitaka ulikwisha kutolewa zamani. Kukosa ni 262,144 kati ya masomo 262,144. Sasa tazama takwimu ya ujazo wa kache, ile inayosema ni sehemu gani ya mistari iliyokaliwa: baada ya muda itakwambia kache imejaa. Nayo haisemi uongo, kwani kila seti iliyopitiwa imeachiwa mistari yake 8 ambayo hakuna atakayeigusa tena, ila kinachofanya kazi kwa wakati wowote ni seti moja kati ya 64. Anayeuliza kama kache yake inatumika, akajibiwa kwa takwimu ya ujazo peke yake, amejibiwa swali jingine.

Jaribio la tatu ni kurefusha kila safu mlalo iwe na namba 520 badala ya 512, zile 8 za ziada zisitumike. Mruko unakuwa baiti 4,160, yaani mistari 65, na kila namba ya safu wima inaangukia seti inayofuata ile ya mwenzake, hata mistari 512 ikatawanyika sawia, minane kwa kila seti. Hapo idadi ya kukosa itashuka na kukaribia ile ya safu mlalo, ijapokuwa haitalingana nayo kabisa, kwa kuwa data nyingine ya programu nayo hudai nafasi na kuvuruga seti moja au mbili.

Kiigaji kikikupa namba hizi tatu, au namba zilizo karibu nazo sana, unaweza kukiamini kwa yaliyo mbele.

"Namba zangu hazikulingana na zenu"

Yamkini hazitalingana mara ya kwanza. Sababu ni mojawapo ya hizi, nazo zinafaa kujulikana kwa kuwa zitakufuata hata katika programu kubwa:

- Ulitafsiri programu kwa daraja la -O0. Hapo kompaila huweka vihesabio vya mzunguko katika staki, na kila somo la jedwali hufuatana na masomo kadhaa ya staki ambayo hupatikana daima. Idadi ya kukosa haikubadilika, ila kiwango kimeshuka kwa kuwa kigawanyo kimekua.
- Ulitafsiri kwa -O3. Kompaila yaweza kusoma namba mbili au nne kwa amri moja, kiwango kikapanda. Au yaweza kuibadilisha mizunguko nafasi, ya ndani ikawa ya nje, ukadhani umepima safu wima kumbe umepima safu mlalo. Soma amri zilizotoka kwa kutumia objdump.
- Hukuchapisha jumla. Kompaila ikiona kwamba jibu halitumiki, huufuta mzunguko mzima.
- Kujaza jedwali kumehesabiwa pamoja na kulisoma. Weka m5_reset_stats, inayorudisha takwimu kwenye sifuri, baada ya kujaza.
- Ulitumia O3CPU. Kichakataji hiki hakingoji. Mstari ukiwa bado njiani, huomba na namba nyingine zilizomo ndani yake, na kila ombi kama hilo huandikwa kuwa limekosa, ingawa lililokwenda kwenye kumbukumbu ni moja. Takwimu za MSHR, yaani rejista zinazoshika maombi yaliyokosa yakiwa bado njiani, ndizo zinazotenga maombi yaliyotumwa kweli na yale yaliyojiunga na safari ya wenzao.

Sababu mbili za mwanzo zinatosha kuonyesha kwa nini tunawasihi wasomaji wasilinganishe programu kwa kiwango cha kukosa peke yake. Tumia idadi ya kukosa kwa kila amri 1,000, ambayo hugawanywa kwa kazi iliyofanyika. Na hata hiyo, ilinganishe tu baina ya safari za faili moja la programu lililotafsiriwa mara moja.

Programu yako inagusa kiasi gani?

Kache haiwezi kuonyesha tofauti ikiwa data yote ya programu inaenea katika iliyo ndogo kuliko zote unazolinganisha, wala ikiwa data hiyo ni kubwa mno kuliko ile iliyo kubwa kuliko zote. Kati ya mipaka hiyo miwili ndipo palipo na jambo la kupimwa, na ni juu yako kujua programu yako iko wapi.

Kosa lililozagaa ni kutumia data ndogo zilizokuja na programu. Mkusanyiko wa programu za vipimo wa SPEC una data za aina tatu, test, train na ref, na ile ya test iliwekwa kuthibitisha kwamba programu inafanya kazi. Matokeo ya SPEC yanayotangazwa hutokana na ref. PARSEC nayo, iliyotolewa 2008 kutoka Princeton, ina simsmall, simmedium na simlarge zilizotengenezwa mahususi kwa viigaji, ila simsmall mbele ya kache ya daraja la mwisho yenye megabaiti kadhaa mara nyingi haiwezi kuisumbua. Mwenye kupanua kache kutoka megabaiti 2 hadi 8 kwa data ya test, asishangae.

Lakini data kubwa peke yake nayo haitoshi. exchange2 ya SPEC CPU2017, inayotengeneza mafumbo ya sudoku, hukaa karibu yote ndani ya kache ndogo hata kwa data ya ref. STREAM ya John McCalpin, kinyume chake, imeandikwa makusudi ili ipite juu ya kache: kanuni yake yataka kila arei iwe angalau mara nne ya jumla ya kache zote za daraja la mwisho, nayo hupitia arei hizo kutoka mwanzo hadi mwisho, hata data ikirudiwa huwa imekwisha kutolewa. Kuitumia STREAM kutafuta faida ya kache kubwa ni kuiuliza kitu ambacho haikuumbiwa. mcf, inayopanga safari za magari kwa kufuata viunganishi kutoka anwani moja hadi nyingine, ndiyo ambayo aghalabu hukupa mteremko mzuri wa kutazama.

Kujua programu iko wapi, fanya hivi:

1. Chukua Atomic, kwa kuwa hapa unataka idadi wala si muda, nayo ni nyepesi.
2. Iendeshe programu kwa kache ya kilobaiti 16, kisha 32, kisha 64, ukirudufu hivyo hadi megabaiti 16, idadi ya njia isibadilike.
3. Chora idadi ya kukosa kwa kila amri 1,000 dhidi ya ukubwa.
4. Tafuta mahali mstari unapoporomoka ghafla. Hapo ndipo kundi fulani la data limeanza kuenea. Programu nyingi zina maporomoko mawili au matatu.

Ukubwa wa kache unazotaka kulinganisha ukiwa wote upande mmoja wa poromoko, jibu lako umekwisha kulipata: hazitatofautiana, na kiigaji hakina kasoro.

Ukishajua mahali, waweza kuuliza sababu. Mark Hill, katika tasnifu yake ya 1987 huko Berkeley, alizigawa sababu za kukosa katika mafungu matatu, na mgawo huo unaweza kupimwa kwa safari tatu tu. Kwanza endesha kwa kache kubwa mno. Kukosa kunakobaki ni kule kwa mara ya kwanza, ambako hakuna ukubwa wa kukuondoa. Kisha endesha kwa ukubwa wako wa kweli lakini seti iwe moja tu yenye njia zote. Kilichoongezeka kinatokana na udogo. Mwisho endesha kwa ukubwa na njia zako za kweli; ziada ndiyo migongano, kama ile ya safu wima. Dawa ya kila fungu ni mbali na ya mwenzake, na anayeongeza megabaiti kutibu mgongano anatumia silikoni pasipostahili.

Kache baridi: hesabu ambayo haina budi kupigwa

Kiigaji kinapoanza, kache ni tupu. Kila kinachoguswa kwanza hukosekana, na kama umehesabu tangu mwanzo basi umepima kujaa kwa kache, hukupima kutumika kwake. Jambo hili kila mtu hulikubali kwa mdomo. Wachache ndio wanaolipigia hesabu.

Piga nasi. Kache ya daraja la pili yenye megabaiti 2 ina mistari 32,768. Tuseme programu yako huleta mistari mipya 5 kwa kila amri 1,000. Ili ijae mara moja tu inahitaji amri zipatazo milioni 6.5. Kache ya daraja la tatu yenye megabaiti 16 ina mistari 262,144, na kwa kuwa huletewa machache zaidi, tuseme 2 kwa kila amri 1,000, inahitaji milioni 131. Sasa mtazame yule aliyeamuru amri milioni 10 kisha akalinganisha megabaiti 8 na 16: kache zake zote mbili hazikuwahi kujaa, hakuna mstari uliolazimika kutolewa kwa kukosa nafasi, na kwa hiyo hapakuwa na sababu ya kutofautiana.

Utaratibu tunaoupendekeza ni huu:

- Ivuke sehemu ya maandalizi ya programu, yaani kusoma faili na kujaza meza, bila kuihesabu.
- Endesha kwa Atomic huku kache zikiwa zimeunganishwa, kwa amri zisizopungua mara mbili ya hesabu uliyoipiga hapo juu.
- Hamia kwenye kichakataji chenye muda, kiache kidogo kitulie, kisha uzirudishe takwimu kwenye sifuri.
- Hesabu dirisha lako, yaani kipande cha amri unachokusudia kupima, kisha usimamishe.
- Rudia safari nzima ukiwa umerudufu kile kipindi cha Atomic cha kuzipasha kache moto. Idadi ya kukosa ikibadilika kwa kiasi kinachozidi tofauti unayoitafuta, muda ulikuwa haujatosha.

Hadhari mbili juu ya hili. Ukivuka maandalizi kwa kutumia KVM, ambayo huendesha programu juu ya kichakataji halisi cha mashine yako na ni ya haraka mno, kache za kiigaji hazioni lolote; unatoka huko nazo zikiwa tupu kama ulivyoingia. Na ukihifadhi chekipointi ili usirudie safari, jambo jema hasa kwa wenye umeme wa kukatika, elewa kwamba katika kache za kawaida za gem5, zile ziitwazo Classic, yaliyomo ndani ya kache hayahifadhiwi: data hurudishwa kwenye kumbukumbu kuu na kache huanza upya ikiwa baridi. Ruby, mfumo wa pili wa kache katika gem5, huweza kuandika orodha ya yaliyokuwamo na kuyarejesha. Kwa Classic, panga chekipointi yako kabla ya dirisha kwa umbali unaotosha kupasha moto tena.

Mwenye kutumia SimPoint, njia iliyotolewa 2002 ya kuchagua vipande vichache vinavyowakilisha programu nzima, awe mwangalifu zaidi ya wengine, kwa sababu kipande cha amri milioni 10 kikianza na kache baridi, sehemu kubwa ya alichokihesabu ni ubaridi.

Kusoma faili la takwimu bila kupotea

Tumrudie yule wa asilimia 60. Tuseme kache yake ya kwanza ilisomwa mara 1,000,000, ikakosa mara 20,000. Hayo 20,000 ndiyo yaliyofika kwenye kache ya pili, nayo ikakosa 12,000. Kiwango cha ya pili ni asilimia 60 kweli, lakini kwa masomo yote ya programu ni asilimia 1.2. Kache ya kwanza ilikwisha kuchukua yote yaliyo mepesi, ikamwachia mwenzake magumu. Tena, ukiipanua kache ya kwanza, kiwango cha ya pili chaweza kupanda huku programu ikienda kasi zaidi, kwa hiyo usikitumie kuhukumu.

Mengine ya kuangalia, kwa ufupi:

- Takwimu zenye neno demand huhesabu maombi ya programu. Zenye overall hujumlisha na ya prifecha. Ukiwa na prifecha usizichanganye.
- Kache ya amri isome pia. Programu ndogo za vipimo hazikosi humo, lakini kerneli ya Linux katika mfumo kamili hukosa, na yaweza kuifukuza data yako katika kache ya pili.
- Katika faili moja la stats.txt huweza kuwamo mafungu kadhaa ya takwimu, moja kwa kila mara zilipotolewa. Hati yako ya kuchambua ikisoma fungu la kwanza, yamkini inasoma maandalizi.
- Ukiwa na viini vingi, tazama kila kimoja. Wastani huficha thredi moja inayoteseka, na kukosa kunakosababishwa na viini kunyang'anyana mstari mmoja hakupungui hata ukiongeza kache mara kumi.

"Lakini sina muda wa haya yote"

Pingamizi hili lina haki yake. Kichakataji cha O3 ndani ya gem5 hutekeleza, kwa mashine za kawaida, amri laki kadhaa kwa sekunde. Tukichukua 200,000, programu ya amri trilioni moja yataka siku 58. Hakuna atakayeendesha ref nzima, wala hatumwombi mtu afanye hivyo. Tunachoomba ni kwamba muda mchache ulio nao uugawe vingine: jaribio la jedwali huchukua dakika chache, mteremko wa ukubwa kwa Atomic huchukua usiku mmoja ukiziendesha safari zote kwa pamoja, na baada ya hapo utajua ni programu tatu zipi kati ya ishirini zinazostahili O3, badala ya kuziendesha zote ishirini kisha kugundua kwamba kumi na saba hazikuwa na la kusema.

Wengine hutuuliza kama walinganishe na mashine halisi kwa kutumia perf ya Linux. Walinganishe, ila wasitarajie tarakimu zifanane: mashine halisi ina prifecha zaidi ya moja, ina kanuni za kutoa mistari ambazo watengenezaji hawazitangazi kwa ukamilifu, na ina programu nyingine zinazopita humo humo. Chukua programu ndogo inayosoma eneo la data tena na tena, ikiruka kwa mpangilio wa kubahatisha ili prifecha zisiweze kukisia, ukilipanua eneo hilo kutoka kilobaiti 16 hadi megabaiti 64, na upime muda wa kila somo pande zote mbili. Muda utapanda kwa ngazi, na kila ngazi itakuwa karibu na ukubwa wa kache fulani. Ngazi za kiigaji zikiwa mahali ulipozikusudia, na urefu wake ukikaribia mizunguko uliyoiandika kwa kila daraja, mashine ya kuigiza imejengeka. Ngazi ikikosekana kabisa upande wa kiigaji, daraja hilo la kache halikuunganishwa. Na ikiwapo lakini imejikunja mapema kuliko ilivyopaswa, hesabu njia na seti upya.